Unakwenda kufanya kazi Japani ukitokea Mbeya? Ushauri wa Mswidi usiubebe wote

Vijana wanaopita dukani kwangu Mwanjelwa kuulizia habari za Japani huja wameshasoma vya kutosha kwenye simu, na vingi vimeandikwa na Wazungu. Mimi kule nilifanya kazi kampuni ya spea, dawati langu limepakana na la Mswidi mmoja, mtu mwema sana. Ila ukimfuata yeye nyayo kwa nyayo huku umeshika pasipoti ya Tanzania, utakwama mapema. Yapo yaliyokuwa mepesi kwake yakawa mazito kwangu, na yapo niliyoyapita kirahisi yeye akihangaika.

Karatasi kwanza. Mswidi anaingia Japani siku 90 bila viza, anatembea, anaonana na waajiri, anarudi kwao kujipanga. Sisi mlango huo hatuna. Kwetu kazi hutangulia safari: mwajiri akuombee kwanza cheti cha kustahili kuishi kwenye uhamiaji wa kwao, akutumie, ndipo ushuke nacho Dar es Salaam kwenye ubalozi wao kuomba viza. Cheti kinadumu miezi mitatu, kwa hiyo pasipoti iwe mkononi kabla hakijatoka, usianze kuihangaikia baadaye. Na akitokea dalali wa kukwambia utaingia kwa viza ya matembezi halafu "mambo yatabadilishwa huko huko", mwachie chai yake mezani uondoke.

Ukitua Narita au Haneda unapewa kadi ya ukaazi pale pale uwanjani. Tembea nayo, hata ukienda dukani kununua mkate, maana sheria inakutaka uwe nayo. Ukishapata pa kukaa, una siku 14 za kwenda manispaa kuandikisha anwani. Bima ya afya ni lazima, na ukiugua kwa kawaida unalipa asilimia 30 tu ya matibabu. Namba za kuweka kichwani: 119 gari la wagonjwa na zimamoto, 110 polisi.

Nyumba ndiyo itakayokumaliza pesa. Hapa Mbeya umezoea mwenye nyumba anayetaka miezi sita kwa mkupuo. Kule kodi inalipwa kwa mwezi, lakini siku ya kuingia kuna amana, kuna ada ya wakala, kuna kampuni ya kukudhamini, na mara nyingi kuna pesa ya shukrani kwa mwenye nyumba ambayo hairudi hata ukikaa miaka kumi. Jumla inaweza kufika kodi ya miezi minne au mitano. Ukishalipa unafungua mlango unakuta chumba kitupu, pengine hata taa haipo darini na jiko hamna. Uliza nyumba za UR, zile za shirika la umma: hazina pesa ya shukrani wala hazitaki mdhamini, ila zitaangalia kipato chako.

Takataka usizichukulie kimzaha. Kila mtaa una kalenda yake: siku ya vinavyoungua, siku ya plastiki, siku ya chupa na makopo. Mfuko unautoa asubuhi ile ile, sehemu nyingi kabla ya saa mbili, na unaufunika kwa wavu kunguru wasiupasue. Ukikosea, mfuko wako unabaki pale peke yake umebandikwa karatasi, na majirani wote wanajua ni wa nani.

Sasa baridi. Mswidi wetu, mtu wa nchi ya theluji, ndiye aliyelia baridi kuliko wote ofisini. Kwao nyumba zimejengwa kushika joto. Ukiingia unavua sweta. Nyumba nyingi za kupanga Japani zina kioo chepesi dirishani, asubuhi kinatiririka maji, na joto ni la chumba ulichokaa tu. Chooni ni barafu. Mtu aliyekulia Makete au Njombe, aliyezoea Julai ya kulala na soksi, hilo halimtishi. Nunua meza fupi yenye hita chini na blanketi juu, uingize miguu, jioni yako imekwisha salama. Wengi huwasha pia majiko ya mafuta ya taa, na mafuta yanachukuliwa kwa madumu ya lita 18. Soma mkataba kwanza, nyumba nyingi za ghorofa zinayakataza. Na ukiwasha, fungua dirisha kila baada ya muda. Jiko la mkaa lililofungiwa chumbani limeshaua watu huku kwetu, na hewa yenye sumu ni ile ile.

Leseni ndiyo kero yangu kubwa. Tanzania tunaendesha kushoto kama Wajapani, kwa magari yao wenyewe. Hiace ngapi zinapita Mafiati zikiwa bado na maandishi ya Kijapani mlangoni? Uswidi walihamia kulia mwaka 1967. Pamoja na hayo, leseni ya Uswidi inabadilishwa bila mtihani, na yetu inataka mitihani miwili. Bishana na nani? Jipange tu. Uwe na ushahidi kwamba ulikaa Tanzania angalau miezi mitatu baada ya kupata leseni, maana mihuri ya pasipoti wanaihesabu. Tafsiri ya leseni inatolewa na JAF, shirikisho la magari la Japani. Tangu Oktoba 2025 mtihani wa maandishi una maswali 50, na lazima upate 45. Kwenye uwanja wa majaribio msimamizi hatafuti ufundi wa kukwepa mashimo ya Tunduma. Anataka akuone ukizunguka gari na kuchungulia chini yake kabla ya kupanda, ukigeuza shingo kutazama nyuma ya bega kila unapokata kona, ukisimama kabisa kabla ya reli. Tikisa kichwa kupita kiasi, ndivyo wanavyopenda.

Kazini utapona haraka ikiwa ulilelewa kwa shikamoo. Mswidi alimwita bosi jina la kwanza na kumpinga mbele ya kikao, kwao ni kawaida. Kwa Wajapani mambo ya kikao huwa yameshazungumzwa pembeni, kama mahari inavyomalizwa na washenga kabla wazee hawajakaa mkekani, kwa hiyo neno lako lipeleke mapema. Fika dakika kumi kabla. Kitu kikiharibika, hata kidogo, sema saa ile ile. Ukienda likizo rudi na vitafunio vilivyofungwa kimoja kimoja, uwagawie wote. Na kwa sisi Wamoraviani tusiokunywa pombe: usiikimbie jioni ya kunywa na wenzako, agiza chai baridi ukae nao.

Chakula utakizoea. Wali wao unanata na hauna harufu ya mchele wa Kyela. Unga wa ugali beba kidogo. Kahawa utaikuta imeandikwa Kilimanjaro, hata ile iliyochumwa Mbozi.

Mwisho, mshahara. Kodi ya ukaazi, ile ya serikali za mitaa wala si ya nyumba, hukatwa kwa kipato cha mwaka uliotangulia, hivyo mwaka wa kwanza unajiona tajiri, ukifika Juni ya mwaka wa pili mshahara unapungua bila kosa lolote. Pensheni nayo inakatwa kila mwezi. Uswidi na Japani wana makubaliano tangu 2022, michango ya mwenzangu haipotei, sisi hatuna. Kwa hiyo kama umechangia miezi sita au zaidi, ukiondoka Japani kabisa una miaka miwili ya kudai malipo ya mkupuo. Toa taarifa manispaa kwamba unahama, tunza kitabu au namba yako ya pensheni, na akaunti utakayotumiwa iwe na jina lililoandikwa herufi kwa herufi kama kwenye pasipoti. Kama benki yako ya hapa Mbeya ilikufupishia jina la babu, karekebishe kabla hujapanda basi la Dar.