Pimeni unyevu kabla ya kuuza mahindi kwa pamoja

Wakulima wanaoanza huniuliza kwanza watampata wapi mnunuzi. Mimi, kama afisa ugani, huanza na unyevu wa punje, kwa sababu gunia moja bichi likiingia kwenye ghala la kikundi huwaharibia wote.

Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13 hivi. Kama hamna kipimo, tumieni chumvi. Chukueni chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tieni punje hadi theluthi, ongezeni vijiko viwili vya chumvi kavu, fungeni, mtikise kwa nguvu dakika chache, kisha iacheni itulie dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi ni mabichi, yarudisheni juani. Isiposhika, unyevu uko chini ya asilimia 15, lakini huenda bado umezidi 13, kwa hiyo anikeni tena siku moja au mbili. Wengi huiruka hatua hii, nami huing'ang'ania, maana ukungu ukishatoa sumukuvu, kupika hakuiondoi.

Anikeni juu ya turubai, kamwe si udongoni. Ghalani, pangeni magunia juu ya chaga, mbali na ukuta.

Kila gunia liandikwe kwenye daftari: mwenyewe, uzito, tarehe, matokeo ya chumvi. Mkiomba mkopo, pelekeni daftari hilo. Naliamini kuliko barua ndefu ya maombi. Mnunuzi akifika, pimeni uzito mbele yake, kwa mizani ya kikundi.