Phonak Sphere ao Oticon Intent? Namna ya kuchagua apareyi ya masikio ukiwa Lubumbashi

Taximan wa Kasumbalesa alimwambia Papa kwenye simu "six heures", Papa akasikia "dix heures", akatoka nyumbani polepole, amenyoa ndevu, shati imepigwa pasi, kufika parking gari ilishaenda zamani. Akamkasirikia taximan wiki nzima. Mie nilikuwa pembeni wakati banaongea, oparleri ya simu ilikuwa wazi, nilisikia "six" vizuri kabisa, na njo siku hiyo nilielewa kwamba shida haiko kwa taximan wala kwa rezo.

Tazama vizuri, six na dix zinaachana kwa sauti ya mwanzo tu, na ile "s" ni sauti nyembamba sana. Papa alifanya miaka mingi pembeni ya mashine za kuponda mawe, na kelele ya kazi kwa kawaida inaanza kula sikio kwenye sauti nyembamba, karibu na 4000 Hz, zile nzito zinabakia. Njo maana muzee anakwambia "minakusikia muzuri, ni weye unasema mubaya". Hadanganyi. Sauti anaisikia, maneno njo yanamukimbia.

Sasa yaya wangu (ndugu mukubwa) wa Bruxelles akasema atalipa, akatuma majina mawili: Phonak Audéo Sphere Infinio, ya batu ba Uswisi, na Oticon Intent, ya Denmark. Zote zilitoka 2024, zote zinakaa nyuma ya sikio na kawaya kembamba kanaingia ndani, na bei ni maelfu ya dola kwa masikio mawili, kwa hiyo ukikosea hapa unakosea kwa pesa ya kiwanja. Naandika namna tulifanya, juu naona batu bengi hapa kwetu banauliza "gani njo kali?" kabla ya kujua sikio lenyewe liko namna gani.

Anza na munganga wa ORL, ule wa masikio, pua na koo, hata kama una haraka, hata kama yaya anapiga simu kila siku kuuliza atume pesa wapi. Kwanza anatazama kama sikio halijazibwa na uchafu tu, inatokea, mutu anatafuta apareyi kumbe anahitaji kusafishwa dakika kumi. Umwambie dawa zote muzee alishatumia, kinini na sindano za gentamicine ndani, juu zinaweza kugusa masikio. Na kama sikio moja limekufa ghafla, kwa siku moja ao mbili, ao linatoa usaha, acha mambo ya apareyi kabisa na ukimbie kwa munganga leo leo, kusikia kukipotea ghafla hakungojei.

Halafu audiogramu. Ni ile karatasi yenye mistari inayoshuka, kutoka 250 Hz mpaka 8000 Hz. Omba kopi, piga picha, weka kwenye simu, hiyo karatasi njo utatuma kwa kila mutu atakayekuuzia kitu. OMS, Shirika la Afya Duniani, inahesabu hivi: 35 mpaka 49 desibeli ni upungufu wa kati, 50 mpaka 64 umeanza kuwa mzito, 65 mpaka 79 ni mkubwa. Papa alikuwa 55 kwa sikio lenye nafuu. Hiyo namba inakusaidia kwenye jambo batu banasahau, nguvu ya kale kaoparleri kadogo kanakoingia ndani ya sikio. Phonak inaandika S, M, P, UP, Oticon inaandika 60, 85, 100, 105, kutoka ndogo kwenda kubwa, na ukinunua nguvu ndogo kuliko sikio linavyotaka, akili yote iliyo ndani ya ile apareyi haitakufaa kitu.

Sasa zenyewe. Sphere iko na chipu mbili. Moja inafanya kazi ya kawaida, ya pili, DEEPSONIC, kazi yake ni moja tu, kutenganisha sauti ya mutu na makelele, ni akili bandia iliyofundishwa na sampuli za sauti milioni 22, na inaamka yenyewe ukiingia fasi ya fujo. Haijali anayesema yuko mbele, nyuma ao pembeni. Lakini inakula batiri, ikifanya kazi sana unaona asilimia zinashuka, na juu ya hiyo batiri apareyi yenyewe imekuwa nene kidogo kuliko wenzake. Mutu anayevaa miwani minene apime zote mbili pamoja kabla ya kulipa.

Intent inapita njia ingine. Iko na sensa zinazofuata namna unageuza kichwa, namna unatembea, kama uko kwenye mazungumzo, na inapima pia makelele ya pembeni, halafu inakisia unataka kusikia nini. Ukitulia unamtazama mutu mmoja, inamleta yule mbele na kupunguza wengine. Ukianza kugeuza kichwa huku na huku, kama mutu anayetafuta nani amemwita, inafungua pande zote. Ni ndogo, inakaa vizuri, hata mutu mwenye haya ataivaa.

Weka hizo mbili ndani ya maisha ya mutu wako, si ndani ya video ya tangazo. Papa fasi yake kubwa ni matanga. Chini ya bashi, viti vya plastiki, baflé inapiga nyimbo za kilio, jenereta nyuma, na wazee bane banaongea pamoja wakati yeye anatazama chini na kichwa hakitikisiki hata kidogo. Mutu wa namna hiyo, mie naona Sphere inamufaa zaidi, haimuombi ageuke. Lakini mama mukubwa wangu, yeye ni mutu wa kanisa, baada ya misa anazunguka kutoka mutu mmoja kwenda mwingine, anasimama uso kwa uso, anashika mukono, anasonga. Angekuwa yeye ningesema Intent bila kufikiri mara mbili.

Jambo lililotuamulia kweli, na nilishangaa, ni simu. Phonak inatumia Bluetooth ya kawaida, ile ya zamani ya oreilleti, kwa hiyo inashika simu karibu yoyote yenye Bluetooth, hata ka simu ka vitufe, na muzee anajibu kwa kugonga sikio mara mbili, anaongea mikono iko huru. Intent inapenda iPhone, kuanzia 11 kwenda mbele mazungumzo yanapita moja kwa moja, na Android mpya zenye LE Audio, ile Bluetooth ya kisasa. Ukiwa na Android ya zamani ya bei ndogo, kama vile wengi tuko nayo hapa muji, kujibu simu bila kuishika kunaweza kukuomba kifaa cha kati cha kubana kwenye nguo, na muzee kifaa cha namna hiyo atakisahau siku ya pili. Usisome tu karatasi, chukua simu yenyewe ya mutu mwenyewe, ile yenye kioo kimepasuka, peleka, funga na apareyi, mupigie ukiwa inje.

Kuhusu umeme. Hizi zote mbili ni za kusharje, hazina vibatiri vya kubadilisha, na hapa kwetu kuran inakwenda bila kuaga. Sharjeri ziko aina mbili: moja inataka waya wakati wote, nyingine iko na batiri yake ndani, inaweza kujaza apareyi mara kadhaa bila umeme. Chukua ya pili, Phonak wako nayo, Oticon wako nayo, bei inapanda kidogo, lipa tu. Sie tulianza na ile ya waya juu ya kuhifadhi pesa, usiku kuran ikakatika saa nne, asubuhi ya Jumapili Papa akaenda ibada na apareyi zimekufa mufukoni, akasinzia mahubiri yote na baadaye akasema alikuwa anasali.

Sasa jambo ambalo ningeliweka kwanza kama ningekuwa na uhakika mutu atalisoma: nani atairekebisha? Apareyi ya namna hii haitoki kwenye kartoni ikiwa tayari, fundi anaiunganisha na kompyuta na kuingiza audiogramu yako ndani, na anatumia programu ya kampuni hiyo, Phonak iko na Target, Oticon iko na Genie 2. Kwa hiyo kabla ya kumwambia ndugu wa Ulaya "tuma", tafuta fundi, wa hapa, wa Lusaka, wa Afrika Kusini, fasi yoyote unaweza kufika, na umuulize unashika marke gani. Akisema anashika moja tu, chaguo lako liko karibu kuisha hapo. Zote mbili zinaruhusu kurekebishwa kwa mbali kupitia aplikasyo, myPhonak kwa moja na Oticon Companion kwa nyingine, fundi yuko kule, muzee yuko kwenye sofa yake Katuba, lakini lazima fundi akubali, simu iwe na uwezo, na mega za intaneti ziwe za kutosha. Uliza pia garanti inafanya kazi inchi gani. Garanti ya Ubelgiji mara nyingi itakuomba uirudishe Ubelgiji.

Na umuombe fundi apime ndani ya sikio lenyewe, kwa Kifaransa banaiita mesure in vivo, anaingiza kamupira kembamba pembeni ya apareyi na kuona sauti gani kweli inafika karibu na ngoma ya sikio. Kama hafanyi, atakuwa anakisia. Mie naamini apareyi ya bei ya kati iliyopimwa hivyo inaishinda ile ya bei kali iliyowekwa kwa kukisia, na hapo sitabadilisha mawazo.

Kwa kujaribu, usijaribu ofisini peke yake. Kule kuna kapeti, kimya, kila kitu kinasikika muzuri. Sie tulienda Afrika Kusini, tukakaa kwa binamu, fundi akatuazima moja wiki moja na nyingine wiki moja. Kila wiki nilifanya mtihani huo huo: simu moja nyuma ya Papa inapiga makelele ya soko, mie mbele yake hatua mbili, mdomo nimefunika na karatasi ili asisome midomo, namsomea maneno 20, six, dix, sita, tisa, pata, kata, fata, na yeye anaandika. Usimuulize "unasikia?", muzee wa kwetu atakujibu ndiyo kwa heshima. Aandike. Halafu hesabu. Kama uko Ufaransa, sheria inakupa angalau siku 30 za kujaribu, utumie zote.

Angalia pia namba iliyo kwenye kartoni. Jina moja linauzwa kwa madaraja: Intent 1 njo ya juu, inashuka mpaka 4, na kwa Phonak 90 njo ya juu. Kuna mutu anaweza kukuuzia Intent 3 kwa bei ya 1 na hatakuwa amedanganya jina. Soma ile namba kwenye faktire.

Mavumbi: zote mbili ziko IP68, alama ya kuzuia vumbi na maji, kwa hiyo jasho na mvua ya njiani si tatizo, ila kuoga nayo hapana. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, ile vumbi nyekundu yetu ikichanganyika na uchafu wa sikio, ka filtre keupe kwenye ncha kanaziba, na mutu anadhani apareyi imekufa. Kako kadogo kama punje ya muhindi iliyokatwa vipande. Filtre za marke moja haziingii kwa nyingine, kwa hiyo nunua pakiti za mwaka mzima pamoja na apareyi, na umufundishe mutoto mmoja wa nyumbani, mwenye macho mazuri, namna ya kubadilisha.

Tulichukua Sphere. Siku tatu za kwanza Papa alitaka kuirudisha, mabati yanalia sana, frigo inanguruma, sauti yake mwenyewe iko kama ndani ya pipa. Hiyo ya pipa inatokana na kale kampira ka kwenye ncha ya apareyi kanakoziba sikio, fundi anaweza kubadilisha aina, hayo mengine yanaomba wiki kadhaa na kuvaa kila siku, si Jumapili tu. Nikamupa daftari ya shule, kila kitu kikimukwaza aandike. Wiki ya pili kulikuwa na mistari mitatu: "Sahani, kali sana. Kandambili ya Mama, kali. Mutoto wa Nadine, minasikia." Nikapiga picha, nikatuma kwa fundi, akashusha sauti kali kidogo kwa mbali na kuacha ile ya tatu vile ilivyokuwa.