Mpindue Kifaranga Kabla ya Kuondoa Jiko

Huku Njombe kila Juni naulizwa swali lile lile: "Mama, vifaranga wangu wametimiza wiki tatu, niondoe jiko la kuwapa joto?" Huwajibu: mshike mmoja, mpindue, uniambie umeona nini tumboni. Wiki tatu za Morogoro si wiki tatu za Njombe, ambako usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10.

Kifaranga hutotolewa akiwa na malaika tu, yaani manyoya laini ya utotoni, na malaika hayo yanamfaa akiwa chini ya mama yake. Peke yake hawezi kutunza joto. Wiki ya kwanza bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, iwe na nyuzi 32 hadi 35 usawa wa mgongo wake, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Huna kipimajoto? Angalia wanavyolala. Wakirundikana kwenye joto, wana baridi. Wakikimbilia pembeni midomo wazi, joto limezidi. Wakijibana upande mmoja, tafuta upepo unapoingilia.

Mimi natumia chungu cha mkaa wa miwati. Mkaa nauwashia nje mpaka moshi uishe, na juu ya ukuta naacha upenyo wa hewa, maana hewa ya mkaa inaua kuku na mwenye kuku. Chini natandaza maranda ya mipaini. Vumbi la mbao hapana, watalila. Bruda iwe ya duara, kwa sababu kwenye kona ndiko wanakolaliana wakafa.

Bawa ndilo linaloanza. Likunjue siku ya kwanza, utaona vimirija vifupi ukingoni. Wiki moja baadaye vimeshapasuka na manyoya ya bawa yanaonekana. Wiki ya pili mkia unachomoza, ya tatu mabega na mgongo, ya nne kifua. Kichwa, tumbo na chini ya bawa huja mwisho. Kwenye wiki ya sita hivi, aliyelishwa vizuri amefunikwa. Mgongo ndio unaowadanganya watu: kwa juu unaona kuku mzima, kumbe tumbo bado ni malaika, na tumbo ndilo linalolalia sakafu ya baridi. Jiko la mchana naliondoa kifua kikishafunikwa. La usiku linabaki mpaka nipulize tumboni nisione ngozi. Kishingo, kuku wa shingo tupu, usimsubiri, shingo yake haitaota, na hata mwilini manyoya yake ni machache. Mwongezee siku za joto. Kuku wa nyama naye mwili hukimbia kuliko manyoya.

Unyoya karibu wote ni protini. Ukimlisha pumba za mahindi peke yake, atabaki amenyonyoka kama kitambaa kilicholiwa na panya. Chakula cha kuanzia kiwe na protini asilimia 18 hadi 20: soya iliyokaangwa, mashudu ya alizeti, dagaa. Dagaa usiwaonee ubahili, wana methionini, kijenzi cha protini ambacho manyoya yanakihitaji sana.

Vimirija vichanga vina damu ndani, na mmoja akidonoa damu ikatoka, wenzake wote watamfuata. Mtenge aliyejeruhiwa, punguza mwanga, ning'iniza kabichi wawe na la kudonoa. Wakifika wiki ya nne wasizidi 20 kwenye mita moja ya mraba.

Kuna wauzaji wanaokunjua bawa na kukuhakikishia kuwa huyu ni tetea. Njia hiyo ni ya kweli, ila kwa vifaranga wa siku chache tu, na kwa wale ambao wazazi wao walichaguliwa makusudi: jogoo wa ukoo unaoota manyoya haraka, tetea wa ukoo unaochelewa. Hapo majike ndio wenye manyoya marefu ya bawa. Kwa kienyeji wetu waliochanganyika, unanunua maneno.

Kati ya wiki ya 7 na ya 12 watadondosha manyoya tena, na hapo ndipo watu hukimbilia duka la dawa kununua antibayotiki. Kwanza fungua manyoya karibu na kinyeo na chini ya bawa. Ukiona wadudu au mayai yao yameganda, tibu wadudu na banda. Ngozi ikiwa safi na vimirija vipya vinachomoza, ongeza dagaa, hela yako iache mfukoni.