Viungo Visivyo na Jozi: Namna ya Kuvitafuta kwa Mkono

Mwanafunzi wa utabibu akifika wadini huwa keshakariri orodha: moyo, ini, bandama, kongosho, kibofu. Lakini mbele ya mgonjwa mkono haujui uanzie wapi. Vijana ninaowafundisha hapa Tanga nawaambia waanze na mstari.

Hatua ya kwanza: mstari wa kati. Mgonjwa awe ameshakojoa, alale chali, magoti yakunjwe kidogo ili tumbo lilegee. Bibi aliyetoka Pangani alfajiri mwamkie, mweleze unachotaka kufanya, na kanga ishuke mpaka pale tu unapohitaji. Sasa fuata kwa macho mstari kutoka katikati ya paji la uso, puani, kidevuni, kidarini, kitovuni hadi kinenani. Mfupa wa paji, taya la chini, ulimi, koo la hewa, kidari, uti wa mgongo, kibofu na mji wa mimba, vyote vimekaa humo. Gusa koo la hewa juu kidogo ya kidari. Likiwa limevutwa upande, kuna jambo kifuani.

Hatua ya pili: vilivyohama. Mimba ikiwa changa, moyo na utumbo huanza kama mirija iliyo katikati, kisha hujikunja na kuzunguka. Ndipo ini huelemea kulia, bandama na ncha ya moyo kushoto. Wapo wachache waliozaliwa vyote vimegeuka, kwa hiyo ukikosa pigo la moyo kushoto, peleka mkono kulia pia.

Hatua ya tatu: ncha ya moyo. Shusha kidole kwenye kidari mpaka ukutane na tuta. Hapo ndipo ubavu wa pili unapoungana. Hesabu kushuka hadi nafasi ya 5 kati ya mbavu, kushoto, usawa wa katikati ya mtulinga.

Hatua ya nne: bandama. Hapa usiwe na haraka. Pwani yetu ina malaria, na malaria ya kujirudia huvimbisha bandama. Ikiwa nzima hujificha chini ya ubavu wa 9 hadi wa 11, kwa kawaida haishikiki. Ikivimba hushuka mshazari kuelekea chini kulia, na huko ndiko mkono uanzie, ukipanda polepole kwenda mbavu za kushoto. Anayeanzia mbavuni huweka mkono juu ya bandama yenyewe, akadhani tumbo limekaza tu. Mgonjwa avute pumzi, wewe tuliza vidole. Ukingo wenyewe utavijia. Akitoa pumzi, panda kidogo. Usikandamize hata kidogo: bandama iliyovimba yaweza kupasuka, damu ikajaa tumboni.

Hakikisha si figo ya kushoto. Bandama hufuata pumzi sana, ukingo wake una pengo, na vidole haviingii kati yake na mbavu. Ukigonga juu yake sauti ni butu. Juu ya figo mara nyingi utasikia mlio wa hewa ya utumbo.

Hatua ya tano: vilivyobaki. Ini litafute vivyo hivyo, kutoka chini kulia kupanda. Kongosho liko nyuma ya mfuko wa chakula, liachie ultrasaundi. Mji wa mimba hufika kitovuni karibu na wiki ya 20 ya ujauzito.

Ukimaliza, andika bandama imeshuka sentimita ngapi chini ya mbavu. “Bandama kubwa” peke yake haimsaidii atakayempima tena baada ya dawa, akitaka kujua inanywea au inazidi.