Hesabu kaboni jirani kabla ya kuchagua SN1 au SN2
Tangu nianze kufanya hivi, sijachanganya tena njia hizi mbili za ubadilishaji, yaani mmenyuko ambamo kundi moja kwenye kaboni huchukuliwa nafasi na jingine (SN1 kwa hatua mbili, SN2 kwa hatua moja): kabla ya kutazama kiyeyusho, weka kidole juu ya kaboni iliyoshika kundi linaloondoka (sehemu itakayojitenga, kama bromidi), kisha uhesabu kaboni zilizoungana nayo moja kwa moja. Ikiwa hakuna au ni moja, tarajia SN2. Zikiwa tatu, tarajia SN1. Zikiwa mbili, ndipo kiyeyusho na nguvu ya nukleofaili (kemikali inayotoa elektroni ili kuungana na kaboni hiyo) huamua. Sababu ni nafasi, kwa kuwa katika SN2 nukleofaili huingilia nyuma, nyuzi 180 kutoka kundi linaloondoka, na methili tatu za bromidi ya tert-butili huziba njia hiyo kabisa, ilhali methili hizohizo huituliza kabokatayoni (kaboni yenye chaji chanya) ambayo SN1 huihitaji. Hesabu hii hushindwa kwa bromidi ya benzili, yenye jirani mmoja tu lakini inayoweza kufuata SN1 kwa sababu chaji chanya husambaa kwenye pete, na kwa bromidi ya neopentili, ambayo SN2 yake ni ya polepole mno kwa msongamano ulio kwenye kaboni inayofuata. Besi kali nayo, ikikutana na kaboni yenye majirani watatu, huleta uondoaji wa E2 (kundi linaloondoka hutoka pamoja na hidrojeni ya kaboni jirani, na kifungo maradufu hutokea) badala ya ubadilishaji.