Jinsi ya kutazama TV msimu wa mvua bila kukosa fainali

Jumapili ile ya Desemba 2014, Idris Sultan alipotangazwa mshindi wa Big Brother Africa, lile shindano la TV la watu kuishi jumbani, mimi sikuona. Nilisikia kelele za majirani, nikajua Mtanzania kashinda. Kioo chetu kilikuwa cheusi, kimeandika tu kwamba hakuna mawimbi. Wala mvua haikuwa inanyesha. Ilinyesha juzi yake, maji yakaingia kwenye waya kwa sababu fundi aliyetufungia dishi aliacha konekta wazi. Mama mkwe wangu alikuwa amefuatilia shindano lile tangu siku ya kwanza. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia, "Mwanangu, safari nyingine tuhakikishe wenyewe."

Richard Bezuidenhout, Mtanzania mwingine, naye alishinda shindano hilohilo Novemba 2007. Fainali zote mbili ziliangukia kwenye vuli, ndiyo maana sipendi kusubiri wingu lionekane ndipo nihangaike. Kazi naifanya mara mbili kwa mwaka: Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli.

Anza na waya, maana hapo ndipo matatizo mengi yalipo. Zima king'amuzi, chomoa kwenye umeme, kisha fungua waya pale unapoingia kwenye LNB, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi. Tazama uzi wa katikati. Ukiwa unang'aa, uko salama. Ukiuona umeota ukijani, maji yameshaingia: kata kidogo kidogo mpaka ufikie shaba safi, halafu funga konekta upya. Sasa chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, ikate utepe mrefu wa upana wa vidole viwili, uvute na kuuviringisha ukianzia chini kwenda juu, kila mzunguko ulalie ule wa chini yake. Bati linapigwa hivyohivyo, la juu likimlalia mwenzake, ili maji yateremke bila kupata mlango. Ukianzia juu kwenda chini umeyatengenezea maji mfuko. Pale waya unapoingia ndani ya nyumba, uache uning'inie kitanzi chini ya tundu. Maji yatadondokea pale, hayatafuata waya hadi nyuma ya TV.

Halafu jua dishi lako linatazama wapi. La kwetu hapa Tabata limeelekea magharibi, kwa hiyo wingu zito likijikusanya upande wa Kinyerezi na Mbezi picha inaanza kuganda hata kabla tone halijagonga bati letu. Nikiona hivyo sisumbui dishi kwa kulizungusha. Wengi wanaliharibu hapo: wanalisogeza mvua ikinyesha, ikikatika wanakuta wamepoteza kila kitu. Liache, picha itarudi yenyewe wingu likipita.

Ukiweza, nunua na king'amuzi cha antena. Mawimbi ya dishi yana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na matone ya mvua kubwa huyameza na kuyatawanya. Ya antena ni kama nusu mita, yanapita kwenye mvua bila shida. Mashindano ya hapa nyumbani yanayorushwa kwenye chaneli za antena tunayaangalia huko, dishi tunaliachia siku za jua.

Sasa ratiba. Kipindi cha watu kutolewa jumbani au cha kupigiwa kura kinataka ukione usiku uleule. Kesho asubuhi kwenye daladala kila mtu ameshajua nani katoka. Filamu inangoja. Kwa hiyo jioni mimi nasubiri utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa baada ya taarifa ya habari. Wakitoa "angalizo" la mvua kubwa, nachaji simu na taa, nanunua umeme wa LUKU mapema. Wakitoa "tahadhari", ambayo ni nzito zaidi, naandaa filamu kwenye flashi kabisa. Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja pwani, nilichomoa kila kitu, waya wa dishi pia, na hatukuangalia chochote. Radi haipigiwi hesabu.

Chagua filamu kwa masikio. Mvua kwenye bati inafunika sauti, na kuongeza sauti mpaka mwisho kunaua spika. Usiku kama huo weka filamu yenye maandishi chini, au ya mapigano. Zile za kutafsiriwa, za aina tuliyozoea tangu kanda za Lufufu, yule mtafsiri wa filamu za kigeni, ziache, utamu wake wote uko kwenye mdomo wa msimuliaji. *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, ya 2021, nilikataa kuiweka usiku wa mvua japo watoto waliililia. Ni Unguja ya miaka ya 1950, na nilitaka mama mkwe asikie kila neno. Tuliiangalia Juni, madirisha wazi, akawa ananisimamisha kila baada ya muda: "Rudisha hapo, mwanangu, nisikie tena."

Kipupwe kikishaingia, TV yenyewe tunaipumzisha. Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, lililoanza 1998, huonyesha filamu Ngome Kongwe, nje, chini ya anga. Mkienda na mzee, mbebeeni shuka na kitu cha kukalia, maana ngazi za pale ni za mawe na kusi la usiku lina baridi.