SOMO: Namna ya kumkagua na kumsaidia mwalimu anaefundisha mtandaoni (soma mpaka mwisho ndio uulize)

Assalaam alaykum. Kila wiki napokea suali lile lile, "maalim nitumie fomu ya kukagulia darasa la Zoom", leo asubuhi tena wamekuja watatu, kwahiyo naandika hapa mara moja tu.

Mie ni mwalimu wa taaluma huku Wete, Pemba, usiku nasimamia walimu sita wa kidato cha nne wanaosomesha kwa simu. Tulianza skuli zilipofungwa Machi 2020 na hatujaacha, maana kuna watoto wa kisiwa cha Kojani ambao usiku hawawezi kuvuka kuja tuisheni.

1. Mwambie mapema. Siku mbili kabla, na umwambie unakwenda kuangalia nini.

2. Muombe andalio la somo. Picha ya ukurasa mmoja inatosha.

3. Ingia kabla ya watoto, zima maiki na kamera, jina lako liwe lile wanalolijua. Usijifiche kwa jina la mwanafunzi.

4. Angalia watoto, sio mwalimu. Chukua karatasi uipige mstari kati, kushoto andika dakika, kulia nani kasema au kaandika nini. Mwalimu akiuliza suali hesabu anasubiri sekunde ngapi. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe aliliona hili miaka ya 1970, walimu wengi walikuwa wanasubiri kama sekunde moja tu halafu wanaendelea, na walipofika tatu na zaidi majibu ya watoto yakawa marefu na wale wakimya nao wakaanza kusema. Hilo ni darasa la uso kwa uso, huku kwetu sauti inachelewa njiani na mtoto bado anatafuta kitufe cha maiki, kwahiyo mie nawaambia walimu wangu wahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Na Zoom ya bure inakatika dakika 40, muelekeze aanze kufunga somo kwenye dakika ya 33, asikatwe katikati ya sentensi.

5. Mazungumzo baada ya somo. Hapa someni pole pole kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu. Mwaka 2021 niliingia kwenye somo la Biolojia, watoto 31 kwenye orodha, waliosema wawili, mwalimu kazungumza peke yake karibu somo zima. Somo limekwisha tu nikaandika dosari nane kwenye grupu la walimu, nikaona nimefanya kazi yangu. Akasoma, hakujibu, asubuhi katoka kwenye grupu na watoto wakakaa wiki tatu bila ya Biolojia. Nikamfata kwao, tumekaa barazani akanipa simu yake niitazame mwenyewe, voisi za watoto zimejaa, wengine wananong'ona kwa sababu simu ni ya mama na chumbani watu wameshalala, wengine bando haliwatoshi kukaa hewani wakasubiri somo liishe ndio watume majibu. Alikuwa anazisikiliza moja moja na kumjibu kila mtoto mpaka saa sita usiku. Mie hilo sikuliona hata chembe, nilikaa dakika 40 nikahukumu. Nilimuomba radhi pale pale, na alirudi, alhamdulillah, lakini zile wiki tatu za watoto hazikurudi.

Basi: USIANDIKE dosari ya mwalimu kwenye grupu, hata kwa mafumbo. USIMPE alama. USIZUNGUMZE nae usiku ule ule akiwa kachoka, mpigie kesho yake. Na ukimpigia anza na suali, "wewe mwenyewe umelionaje somo?", halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize, kisha muulize watoto wanamfikia vipi nje ya somo.

6. Chagueni jambo moja la kurekebisha. Moja.

7. Rudi baada ya wiki mbili uangalie jambo lile lile.

MASUALI

Chaki Nyeupe: Maalim shukran, sasa fomu naipata wapi?

Mwandishi: Hakuna fomu. Soma hatua ya 4.

Bwana Taaluma: Kwahiyo mwalimu mvivu tumbembeleze? Watoto wana mtihani.

Mwandishi: Hakuna pahala nilipoandika kubembeleza. Nimeandika umwambie jambo moja na urudi kuliangalia, mvivu hilo ndilo asilolipenda. Na kabla hujamwita mtu mvivu, ushawahi kusikiliza voisi za wanafunzi wake?

Mkarafuu: Mie ni mgeni kwenye kusimamia. Watoto wote kamera zimezimwa, nitajuaje kama wamefahamu?

Mwandishi: Suali zuri sana hili, ahsante. Kwanza usiwalazimishe kufungua kamera, somo la sauti tupu linakula bando dogo sana ukilinganisha na la video, na wengine hawataki chumba chao kionekane. Muombe mwalimu aweke dakika tano za mwisho kila mtoto apige picha daftari amtumie. Halafu chukueni madaftari matano bila ya kuchagua, mkae nyinyi wawili muangalie wamekosea wapi. Watatu wakikosea pahala pamoja, hapo ndipo pa kufundisha upya, na mwalimu atapaona mwenyewe bila ya kusemwa. Ukianza niandikie inbox, nitakupitia hatua kwa hatua.

Chaki Nyeupe: Na umeme ukizimika somo linahesabiwa limefeli?

Mwandishi: Hapana, kwani umeme kauzima mwalimu? Angalia kama alikuwa na mpango wa pili tu. Wangu wanarikodi voisi tatu fupi za somo kabla, likikatika wanazituma.

Maalim Hesabu, Chake: Nami niongeze kidogo. Wanaosomesha hesabu wasihangaike kununua stendi. Mie naweka mbuzi ya kukunia nazi juu ya meza, simu nailaza kwenye ule ulimi wake, kamera inachungulia chini kwenye daftari, watoto wanaona mkono unavyokwenda hatua kwa hatua.

Mkarafuu: Haianguki?

Maalim Hesabu, Chake: Naifunga na mpira wa kufungia noti, miwili. Na yale meno yafunge kitambaa, yasikwaruze kioo.

Mwandishi: Nimelijaribu jana na mwalimu wangu wa Fizikia, maandishi yanasomeka vizuri kabisa. Taa tu muiweke upande wa kushoto kama anaandika kwa mkono wa kulia, tulipoiweka kulia kivuli cha mkono kilifunika kila alichoandika.